Mtu kakutumia wazo la filamu anataka maoni: maswali tunayoulizwa kila siku

Karibuni. Kila wiki naulizwa maswali yaleyale na watu walioletewa wazo la filamu na rafiki, mdogo wao, mfanyakazi mwenzao, na hawajui waseme nini zaidi ya "iko poa" na kidole gumba. Mi na wenzangu tunakutana Jumamosi pale Sinza, Dar es Salaam, kusomeana mawazo, mwaka wa sita sasa huu, basi nimeona niyaandike yote sehemu moja niwe natuma linki tu.

Wazo la stori ndo nini? Si ndo sinopsisi?

Hapana. Sinopsisi inasimulia stori mwanzo mpaka mwisho, nani kafa nani kaolewa. Wazo ni sentensi moja au mbili, zikizidi sana tatu, zinazosema ni nani, anataka nini, kinachomzuia nini na akikosa anapoteza nini. Kama umewahi kukaa banda umiza jirani yako akachelewa kuingia akakuuliza "hii inahusu nini?", lile jibu ulilompa harakaharaka huku macho yako yako kwenye skrini, lile ndo wazo.

Sasa kwanini nihangaike na sentensi mbili? Si nisubiri skripti nzima?

Ni hesabu tu. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwahiyo filamu ya saa moja na nusu ni kurasa kama 90. Kurekebisha sentensi mbili ni kikombe kimoja cha chai. Kurekebisha kurasa 90 ambazo mtu kaziandika miezi mitano usiku akitoka kazini, hapo unamgusa kidonda, na mara nyingi hata hazirekebishiki, anaanza upya au anaacha.

Haya, nimetumiwa. Naanzia wapi?

Neno lenyewe linakwambia: mrejesho. Unarejesha. Soma mara moja, weka simu chini, kanywe maji, afu mrudishie mwenye stori stori yake kwa maneno yako bila kuchungulia. "Nilichosikia mimi ni hiki na hiki." Usipambe, usijaze mapengo, ulichosahau kisahau kweli. Yani kama kwenye wazo lake kulikuwa na dada wa kambo na we ukirudisha huyo dada hayupo, mwandishi atajua mwenyewe kuwa huyo dada hajakaa, hata hujalaumu mtu.

Ukishamaliza ndo unauliza maswali. Maswali, siyo mapendekezo. Mapendekezo yana sehemu yake na sehemu yake ni mwishoni kabisa, tena mpaka uombwe.

Hii ndo njia pekee niliyonayo, kusema kweli. Yote yanayofuata huko chini ni hiyohiyo.

Tupe mfano basi, mambo ya juujuu tumechoka

Sawa. Kuna kijana alituletea hili, nimepata ruhusa yake kulitumia, nalinukuu lilivyokuja: "Stori inamhusu kijana anayeitwa Juma ni bodaboda ambaye anapitia changamoto nyingi za maisha lakini hakati tamaa na mwisho anafanikiwa."

Unajua wangapi wanaandika hivi? Karibu wote. "Changamoto nyingi" ni neno la kwenye risala ya mgeni rasmi, kwenye filamu huwezi kuipiga picha changamoto. Ila hatukumwambia hivyo. Tulimrudishia: "Tumesikia kijana, pikipiki, shida, mwisho mwema. Hatujasikia leo asubuhi anataka nini." Kimya. Afu mmoja wetu akauliza kaswali kadogo tu: kaka, hiyo pikipiki ni ya nani?

Akasema ya mkataba. Si unajua mkataba, mwenye pikipiki anakukabidhi, unapeleka hesabu kila siku, miezi ikitimia chombo kinakuwa chako. Tukauliza mkataba umebaki siku ngapi? Akafikiri, akasema siku tisa. Pale tu watu wakasogeza viti. Umeandikwa? Hapana, wa mdomo, waliaminiana. Na mwenye pikipiki nani? Mzee mmoja hivi. Anaumwa? Akacheka, akasema... anakufa.

Tulipoondoka saa mbili usiku lilikuwa limekuwa hivi: dereva wa bodaboda aliyebakiza siku tisa amalize mkataba anaamka na kukuta mwenye pikipiki amefariki, warithi hawautambui mkataba wa mdomo, na shahidi pekee ni nyumba ndogo ya marehemu ambayo familia haijui kama ipo, na mali inagawanywa baada ya arobaini.

Angalia hapo. Anataka nini kinajulikana, kinashikika, kina funguo na namba ya usajili. Kinachomzuia kinajulikana. Muda upo. Na uzuri wake ni kwamba ili apate haki yake inabidi amuumbue mwanamke mwingine msibani. Hakuna hata mmoja wetu aliyempa hilo wazo, lilikuwa kichwani kwake siku zote, amelifunika na "changamoto nyingi".

Nikiona ni stori ambayo tumeiona mara mia je? Mama mkwe, jini, msichana wa kazi anapendwa na bosi...

Usimwambie "hii ishafanywa". Kila kitu kishafanywa. Mwambie sehemu ipi ulijua kinachofuata kabla hajakisema, sehemu yenyewe hasa, mstari wenyewe. "Pale binti alipoingia mjini na begi nilijua atapokewa na mtu mbaya stendi." Hiyo inamsaidia, kwasababu anaweza kugeuza hapo tu, ikawa anapokewa na mtu mwema na shida ikaja na njia nyingine.

Mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, si tumelia sana nayo hiyo? Ila angalia Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, muongozaji Likarion Wainaina. Mtoto ni yuleyule mgonjwa, kilichobadilika ni kwamba anapenda filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu awe shujaa mwenyewe. Shina la zamani, tawi jipya. Ukimwambia mtu wa wazo kama hilo "wagonjwa wamezidi" umeua kitu.

Naweza kusema "ningekuwa mimi ningefanya hivi"?

Hapana. Hapana tena. Na hili naliongea kwa aibu kwasababu nililifanya mimi.

Mwaka wa kwanza wa kukutana alikuja dada mmoja na stori ya ndugu wawili wa kike wasioongea, mama yao amefariki, na inabidi wapike pamoja hitima ya mama kwenye jiko lilelile walilogombania. Basi, jiko, sufuria mbili, siku moja. Mi nikajiona mtaalam, nikamwambia "tamu, ila imepoa, hapa weka mauaji, mama aliuawa". Akaandika kwenye daftari lake, ananiamini, ananiita kaka. Miezi minne baadae kaleta kurasa 94 zina polisi, zina daktari aliyehongwa, zina mbio za gari. Nikamuuliza na lile jiko? Akasema "kaka si ulisema imepoa". Hajaandika tena tangu siku ile, na kila nikipita kwenye hitima nikaona kina mama wamezunguka sufuria namkumbuka.

Kilichokuwa kimepoa ni mimi, nilikuwa nimezoea filamu za aina moja. Kama nilitaka kusema kitu cha maana ningeuliza: hao ndugu waligombania nini kwenye hilo jiko? Swali moja tu hilo lingetosha.

Na kama ameniomba kabisa mapendekezo?

Toa, ila yawe mawili au matatu tofautitofauti na useme ni mfano. Ukitoa moja analichukua kama amri, ukitoa matatu anayakataa yote na kupata la nne, ambalo ndo lenyewe.

Mwenye wazo ni mtu mzima kuliko mimi, nitamkosoa vipi?

Swali zuri maana ndo hali yetu. Tuna mzee mmoja anakuja, mwalimu mstaafu, huwezi kumwambia "haieleweki" mbele za watu, hata kama haieleweki. Unaanza na shikamoo yako, afu unaubeba mzigo mwenyewe: "Mzee, hapa katikati mi nilipotea, huyu Mwenyekiti ana ugomvi gani na huyu mvuvi? Nisaidie." Ukisema umepotea hujamkosea, ni kweli ulipotea, na yeye anapokuelezea ndo anaisikia stori yake ina tundu. Mara nyingi anaishia njiani mwenyewe, "ah, kumbe hapa..." Unanyamaza tu.

Usije ukaenda upande wa pili ukamsifia uongo kwa heshima. Mzee aliyeamua kutoka kwake na daladala mbili kuja kusomewa wazo lake hajaja kupewa sifa, sifa anazo nyumbani.

Kwa wadogo, kinyume chake: usiwaite "dogo" kila sentensi halafu ushangae hawabishi. Unataka wabishe kidogo.

Ni shemeji yangu / mke wangu / rafiki wa damu. Naogopa ugomvi

Muulize kwanza anataka nini. "Shem, unataka nikupe moyo au nitafute matundu?" Akisema moyo mpe moyo na uishie hapo, siyo dhambi, kuna siku mtu anahitaji tu kusikia endelea. Ila akisema matundu, na ukampa, akikasirika hiyo siyo juu yako.

Katuma voisi ya dakika 11

Isikilize yote mara moja, afu mwombe aiandike sentensi mbili. Mwambie hivi bila kuzunguka: "nimeisikiliza, nzuri, sasa niandikie sentensi mbili nikupe maoni." Nusu yao hawarudi kabisa. Nusu nyingine wanarudi na wazo tofauti na lile la kwenye voisi, kwasababu mdomo unasamehe, maandishi hayasamehi. Ila usiifute hiyo voisi. Sikiliza ni wapi sauti yake ilipanda, ni wapi alianza kuongea mbio, mara nyingi stori anayoipenda iko dakika ya nane, amepita tu kama mfano.

Steringi hafi, si ndio?

Hahaha. Akifa akiishi siyo ishu ya ngazi hii. Cha kuuliza ni kama steringi, yani mhusika mkuu, ANAFANYA kitu. Mawazo mengi tunayopokea steringi anafanyiwa tu: anadhulumiwa, anafukuzwa, anarogwa, anahurumiwa, mwisho tajiri anamwona barabarani anamchukua. Adui ndo anafanya kazi yote. Ukiona hivyo rudisha kwa vitenzi, andika vitenzi vya kila mtu pembeni: adui kapanga, kaiba, kadanganya, kakimbia, steringi kalia, kalia, kaomba, kaokotwa. Mtumie hiyo orodha bila neno lingine. Inatosha.

Na "kumbe yote ilikuwa ndoto"?

Muulize aliyelala anapoamka anafanya nini tofauti na alivyokuwa jana. Kama hamna, basi umetudanganya saa na nusu.

Mimi siyo mwandishi, sijasoma filamu, nina haki gani ya kutoa maoni?

Mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wa kila Jumamosi tumeshazoeana, tunasameheana makosa tusiyoyaona. Mara nyingi anayetuokoa ni mtu aliyekuja kumsubiri mwenzake. Kuna fundi wa friji alikaa pale pembeni wakati tunajadili wazo la wizi wa nyama kwenye bucha, watu wamekazana na dhamira ya mhusika, yeye akauliza: "umeme ulikatika saa ngapi?" Stori nzima ilitegemea hilo na hamna aliyeliona.

We sema tu pale ulipochoka. "Hapa nilianza kufikiria mambo yangu." Hiyo ni taarifa ya thamani kuliko nadharia yoyote.

Niseme kuhusu bajeti?

Sema, ila mwisho, na kama swali. Wazo lina mafuriko, helikopta na mapigano juu ya kivuko cha Kigamboni, usilifukie kwasababu hiyo, uliza mapigano hayo yanataka kuleta nini kwenye stori na kama kitu hicho kinaweza kutokea kwenye ngalawa au kwenye foleni ya kusubiri kivuko. Mara nyingi foleni ni tamu zaidi.

Kitu kingine mnisikilize, kwa Tanzania kupiga filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, sheria yenyewe ni ya mwaka 1976, na unapoomba unatakiwa ueleze utakachopiga. Kwahiyo kama wazo limejaa vitu ambavyo unajua kabisa vitaleta maswali, mtajie mwandishi ajue mapema. Mtajie tu, usimkataze. Wewe siyo Bodi.

Nikimpa mtu wazo langu asome si ataiba?

Hili naulizwa kuliko yote. Jibu la kisheria halitakufurahisha: hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna ulivyoliandika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, iko hivyo, na Kenya na kwingineko ni hivyohivyo. "Bodaboda anayedai pikipiki kwa warithi" siyo mali ya mtu. Skripti yake, sini kwa sini, maneno aliyoyaandika, hiyo ni mali yake tangu alipoiandika, na anaweza kwenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, apate cha kuonyesha siku ya ugomvi. (COSOTA, siyo BRELA. BRELA ni majina ya biashara na kampuni, watu wanachanganya kila siku.)

Kwahiyo kinga yako ni kuandika, siyo kuficha. Ila kwa wewe unayepokea mawazo ya watu kuna adabu yake: usiyasambaze kwenye makundi mengine, usiyasimulie baa, na kama una stori yako inayofanana mwambie mwenzako KABLA hujasoma ya kwake. Sisi tunatunza tarehe, kila wazo linatumwa kwenye kundi kwa maandishi ndo linajadiliwa, ile meseji yenyewe inabaki kuwa ushahidi.

Wazo limetoka kwenye riwaya

Swali la kwanza: ruhusa ya mwandishi au warithi wake unayo? Kama hana, maoni mengine yasubiri. La pili: kwenye kitabu chote hicho umechagua nani? Riwaya ina nafasi ya watu ishirini, filamu haina. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ina Zanzibar nzima ya wakati wa ukoloni ndani yake, na Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021 kiini kikawa Yasmin na Denge, binti aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa na kijana wa harakati. Anayekuletea riwaya bila kuchagua, hajakuletea wazo bado, kakuletea kitabu.

Tamthilia nayo ni hivyohivyo?

Karibu, tofauti ni moja. Kwenye filamu unauliza inaishaje, kwenye tamthilia unauliza kwanini haiishi. Yani nini kinawafunga hawa watu pamoja wasiweze kuachana hata wakichukiana: nyumba ya urithi, duka, mtoto, deni. Kama Jumanne wanaweza kupeana mkono kila mtu akaenda zake, hamna tamthilia hapo, kuna sehemu mbili tu.

Mwenye wazo anabisha kila ninachosema

Acha. Ukijikuta na wewe umeanza kubishana naye, nyamaza. Umerudisha ulichosikia, kazi yako imeisha, atakwenda kulala nalo. Kuna mtu alinibishia mwezi mzima, afu akaja na lilelile nililosema akaniambia kalipata kwenye daladala. Nikamwambia hongera.

Kwenye kikao tuna kanuni: mwenye wazo haruhusiwi kujibu mpaka kila mtu arudishe alichosikia. Ni ngumu, watu wanang'ata kalamu. Lakini akianza kujibu mapema anaanza kueleza vitu ambavyo havipo kwenye karatasi, na mtazamaji hatakuja na mwandishi mfukoni amweleze.

Si naweza kuipa tu akili bandia initolee maoni?

Unaweza, itakupa maoni mengi na ya upole. Nimejaribu na lile la bodaboda la mwanzoni, likasifiwa kwa kuonyesha ustahimilivu. Haikuuliza pikipiki ni ya nani.

Mnalipisha?

Hapana. Anayesomewa analeta kashata au karanga. Ukileta mawazo mawili siku moja, unaleta na soda.

Yule wa bodaboda kaishia wapi?

Yuko ukurasa wa 31. Jumamosi iliyopita katuletea sini ya msibani. Wanawake wamekaa kwenye mkeka, yule wa nyumba ndogo kaja kama jirani tu, kakaa mwisho karibu na mlango, mke mkubwa anainua macho anamwona kavaa kanga ileile aliyovaa yeye. Kumbe marehemu alinunua doti moja, akaichana katikati. Hatukumrudishia chochote, tulimwomba asome tena.